Uvumi wa Y2K: Kampuni zilipokanusha na watu wakakataa kusadiki

KATIKA miezi ya mwisho ya mwaka 1999, watu wengi duniani waliishi kwa hofu kwamba ndege zingeanguka, lifti zingekwama, benki zingepoteza akiba za wateja na taa zingezimika pindi tu ingetimia saa sita usiku wa Desemba 31. Kampuni zilizotajwa katika uvumi huo zilitoa taarifa moja baada ya nyingine kuukanusha. Hata hivyo, makanusho mengi yaliishia kuuchochea zaidi.

Zaidi ya miaka 25 baadaye, kisa hicho husimuliwa kama kichekesho: dunia ilijitia wazimu kwa sababu ya sufuri mbili, kisha kukapambazuka salama. Hukumu hiyo si ya haki. Tatizo lilikuwepo, mabilioni ya dola yalitumika kulirekebisha, na kasoro chache zilizoponyoka ziliwaumiza watu. Kilichokwenda mrama ni jinsi habari zilivyosafiri kutoka kwa wenye mitambo hadi kwa mwananchi wa kawaida. Makala haya yanaeleza chimbuko la tatizo lenyewe, uvumi uliozaliwa nalo, na kwa nini makanusho mengine yalisadikika ilhali mengine yalipuuzwa.

CHIMBUKO LA TATIZO

Tatizo hilo lilifahamika kwa kifupi kama Y2K, yaani mwaka wa elfu mbili. Wengine waliliita mdudu wa milenia, jina lililowafanya wengi kudhani kwamba lilikuwa virusi vilivyotengenezwa na mhalifu. Sivyo. Lilikuwa zao la desturi ya kazi iliyorithiwa kutoka kwa waandishi wa programu wa miaka ya 1950 na 1960.

Enzi hizo, habari zilihifadhiwa kwenye kadi ngumu za karatasi zilizotobolewa matundu, kila kadi ikiwa na nafasi ya herufi 80 pekee. Kumbukumbu ya kompyuta nayo ilikuwa ghali mno. Ili kubana nafasi, mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili za mwisho, hivi kwamba 1965 ikawa 65. Wengi wa waandishi hao hawakutarajia kuwa programu zao zingekuwa bado zinatumika karne ikifikia ukingoni.

Chukua mfano wa kompyuta inayokadiria umri wa mfanyakazi aliyezaliwa mwaka 1965. Mnamo 1999, inatoa 65 kutoka 99 na kupata miaka 34. Mwaka unaofuata, inatoa 65 kutoka 00 na kupata 65 chini ya sufuri. Programu moja ingekwama hapo. Nyingine ingepuuza alama ya kutoa, na mtu wa miaka 35 angegeuka mzee wa miaka 65 anayestahili pensheni.

Dalili zilionekana mapema. Mnamo 1992, mwanamke mmoja wa umri wa miaka 104 katika jimbo la Minnesota, Marekani, alipokea barua ya kumwalika ajiunge na shule ya chekechea. Alizaliwa mwaka 1888. Kompyuta ilisoma 88 na kumhesabu kuwa mtoto wa miaka minne.

Kulikuwa na utata mwingine. Miaka inayogawanyika kwa 100 huwa haina Februari 29, isipokuwa ile inayogawanyika pia kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa miongoni mwa hiyo michache, na waandishi wengine wa programu walikumbuka nusu ya kwanza ya kanuni wakasahau ya pili.

Bob Bemer, mmoja wa waasisi wa msimbo wa herufi unaotumiwa na kompyuta, alitoa onyo katika maandishi yake ya 1971 na tena 1979. Hakusikizwa. Ni makala ya Peter de Jager, mtaalamu wa Canada, iliyochapishwa katika gazeti la Computerworld mnamo Septemba 1993, iliyowaamsha wengi. Baadaye, shirika la utafiti la Gartner lilikadiria kwamba marekebisho yangegharimu dunia nzima kati ya dola bilioni 300 na bilioni 600.

UVUMI WASHIKA KASI

Hofu hiyo ilizuka wakati ambapo barua pepe ilikuwa imeanza kuenea majumbani na ofisini, hasa katika mataifa tajiri. Kwa mara ya kwanza, mtu angeweza kutuma fununu kwa marafiki 50 kwa kubofya mara moja, nao wakaisambaza kabla mhariri yeyote hajaikagua.

Mojawapo ya barua zilizosambaa sana mwaka 1999 ilimwelekeza msomaji afungue sehemu ya kompyuta yake inayoonyesha mtindo wa tarehe. Akikuta mwaka umeandikwa kwa tarakimu mbili, aliambiwa, basi mashine yake ingekufa usiku ule, na tiba ilikuwa kubadilisha mtindo huo uwe wa tarakimu nne. Maelekezo yalikuwa rahisi na kila aliyeyafuata aliziona tarakimu mbili kwa macho yake mwenyewe. Lakini sehemu hiyo huamua tu jinsi tarehe inavyoonekana kwenye skrini. Haigusi namna kompyuta inavyoihifadhi wala kuihesabu. Aliyeifuata barua hiyo hakuharibu chochote, ila alijidanganya kwamba amejikinga.

Nyingine zilikuwa za kitapeli. Mnamo Septemba 1999 ilizuka barua pepe iliyojidai kutoka kwa kampuni ya Microsoft, ikiwa na programu ya kuhesabu muda uliosalia kabla ya mwaka 2000. Aliyeifungua aliwakaribisha wezi wa maneno ya siri. Microsoft ilikana kuhusika na kueleza kwamba haina desturi ya kuwatumia wateja programu kupitia barua pepe. Aidha, mamlaka za Marekani ziliwatahadharisha wananchi dhidi ya matapeli waliopiga simu wakijifanya maafisa wa benki na kuomba nambari za kadi ili eti waziandae kwa mwaka mpya.

Kisha kulikuwa na uvumi wa tarehe. Ilidaiwa kwamba Septemba 9, 1999 ingezima mitambo kwa kuwa waandishi wengine wa programu walikuwa wakitumia tarakimu 9999 kama ishara ya mwisho wa orodha. Siku hiyo ilipita kwa utulivu. Badala ya kuwatuliza watu, utulivu huo ulichukuliwa na wengine kuwa ukimya wa kabla ya dhoruba.

Hata wataalamu walitofautiana. Edward Yardeni, mwanauchumi mashuhuri wa Marekani, alikadiria kwamba kulikuwa na uwezekano wa asilimia 70 wa uchumi kudorora kwa sababu ya Y2K. Mwananchi aliyesikia hayo kutoka kwa msomi wa hadhi hiyo angewezaje kuipuuza barua ya rafikiye?

LUGHA YA MAWAKILI

Kampuni zilijikuta baina ya nyundo na fuawe. Iliyosema mitambo yake ni salama kabisa ingeweza kushtakiwa na wateja iwapo kasoro ingetokea. Iliyokiri kuwa na kasoro ingeona bei ya hisa zake ikiporomoka.

Hofu ya mahakama haikuwa ya kubuni. Mnamo 1997, duka la vyakula la Produce Palace katika jimbo la Michigan lilimshtaki aliyeliuzia mashine za kupokea malipo. Mashine hizo zilikuwa zikikwama kila mteja alipotoa kadi ambayo muda wake ungekwisha mwaka 2000. Kesi hiyo, iliyotajwa kuwa ya kwanza ya Y2K, ilimalizwa nje ya mahakama mwaka uliofuata kwa malipo ya dola 250,000. Tangu hapo, taarifa nyingi za kampuni zilipitia mikononi mwa mawakili kabla ya kumfikia msomaji.

Matokeo yakawa lugha isiyokuwa na ndiyo wala la. Kampuni zilitangaza kwamba zilikuwa zimekamilisha asilimia fulani ya kazi katika mifumo iliyo muhimu zaidi, bila kutaja mifumo hiyo ni ipi. Microsoft yenyewe iligawa bidhaa zake katika makundi, zikiwemo zinazotimiza masharti na zinazotimiza masharti zikiwa na kasoro ndogo. Mhandisi angeelewa tofauti hiyo. Mwenye duka aliyetaka kujua kama angeweza kuuza Januari 2 alibaki njia panda.

Serikali ya Marekani ilitambua kwamba woga wa kushtakiwa ulikuwa ukiziba vinywa. Mnamo Oktoba 19, 1998, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyozikinga kampuni zilizotoa kwa nia njema habari kuhusu maandalizi yao, ili zisije zikasulubiwa kwa maneno yao wenyewe. Tume inayosimamia masoko ya hisa nayo ilizitaka kampuni ziwaeleze wawekezaji hali yao ya matayarisho. Sheria nyingine ya Julai 1999 ilimlazimu anayetaka kushtaki atoe ilani kwanza na kumpa mwenye kosa nafasi ya kurekebisha.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine ya kusitasita, nayo ilikuwa ya kweli. Benki ingeweza kujaribu kompyuta zake zote na kuridhika, ila isingeweza kuapa kwa niaba ya kampuni ya umeme au ya simu. Kampuni ya umeme nayo ilitegemea wasafirishaji wa mafuta na watengenezaji wa vipuri. Mtu mwaminifu hakuweza kuahidi zaidi ya yaliyo mikononi mwake, na uaminifu huo ulisikika kama kukwepa swali.

Kiswahili kina methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Ndivyo umma ulivyopima mambo. Watu waliacha kusikiliza maneno wakatazama vitendo. Benki zilisema fedha ni salama, huku Benki Kuu ya Marekani ikiandaa noti za ziada za thamani ya dola bilioni 50 iwapo wateja wangekimbilia akiba zao. Hiyo ilikuwa hadhari ya busara, kwa kuwa benki yoyote inaweza kuyumba wateja wote wakidai pesa siku moja. John Koskinen, aliyeongoza baraza la Rais Clinton kuhusu Y2K, alionya mara kwa mara kwamba taharuki ya watu ingeweza kuleta madhara hata pale ambapo mitambo ni mizima. Hata hivyo, kwa anayeshuku, noti hizo zilikuwa ushahidi tosha.

MAKANUSHO YALIYOSADIKIKA

Si makanusho yote yaliyopuuzwa. Yale yaliyofaulu yalikuwa na sifa moja: yalieleza jinsi chombo kinavyofanya kazi, ili msikilizaji aweze kujiamulia mwenyewe.

Uvumi kwamba magari yangekataa kuwaka ulijibiwa hivyo. Watengenezaji walifafanua kwamba kompyuta iliyo ndani ya injini hupima joto, kasi ya mizunguko na kiasi cha mafuta. Haijui kama leo ni Jumatatu au Krismasi, wala haihitaji kujua. Kitu kisichotumia tarehe hakiwezi kuvurugwa na tarehe.

Maelezo ya aina hiyo yaliwafaa pia wagonjwa waliopandikizwa vifaa vya kusaidia mapigo ya moyo. Kifaa hicho huhesabu muda kati ya pigo moja na jingine, basi. Tarehe huhitajika katika mashine ya hospitalini inayoweka kumbukumbu zake, nayo ikikosea hukosea karatasini, si moyoni. Kampuni ya Boeing nayo ilieleza kwamba tarehe haihusiki na usalama wa ndege ikiwa angani, ingawa baadhi ya vifaa vingeweza kuonyesha tarehe isiyo sahihi.

Wengine walitoa dhamana ya miili yao. Jane Garvey, aliyekuwa mkuu wa shirika la kusimamia safari za ndege la Marekani, alipanda ndege ya abiria jioni ya Desemba 31, 1999 ili awe angani saa za ulimwengu zikiingia mwaka mpya. Nchini China, ilitangazwa kwamba wakuu wa mashirika ya ndege walitakiwa kuwa safarini wakati huo.

Mataifa nayo yalijifunza kuambiana ukweli. Mnamo Februari 1999 kiliundwa kituo cha kimataifa cha ushirikiano kuhusu Y2K, kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, ili nchi zibadilishane habari. Katika jimbo la Colorado, maafisa wa kijeshi wa Urusi waliketi chumba kimoja na wenzao wa Marekani wakitazama skrini zilezile za kuonya kuhusu makombora, ili kosa la kompyuta lisije likadhaniwa kuwa shambulio.

USIKU WENYEWE

Visiwa vya Kiribati vilitangulia, kisha New Zealand, iliyoingia mwaka 2000 saa kumi kabla ya Nairobi. Taa ziliendelea kuwaka. Kila saa iliyopita, nchi nyingine zilivuka salama, zikiwemo Urusi na Italia ambazo zilikuwa zimelaumiwa kwa kuchelewa kujiandaa. Nchini Kenya, ambako kazi nyingi za serikali wakati huo zilitegemea faili za karatasi, mwaka ulibadilika bila janga.

Kasoro zilizojitokeza zilikuwa ndogo na zilizotawanyika. Nchini Japan, vifaa vya kupima miale ya nyuklia katika eneo la Ishikawa viliacha kufanya kazi baada ya saa sita usiku, bila kuhatarisha umma. Tovuti ya kituo cha jeshi la majini la Marekani, ambacho ndicho mtunza saa rasmi wa nchi hiyo, ilionyesha mwaka 19100. Mteja wa duka la kukodisha filamu katika jimbo la New York alidaiwa dola 91,250 kwa kuwa kompyuta iliamini amekaa na mkanda kwa miaka 100. Nchini Uingereza, maelfu ya mashine za kadi ambazo benki ya HSBC iliwapa wafanyabiashara zilikataa malipo kuanzia Desemba 28, kwa sababu zilikuwa zikihesabu siku nne mbele.

Kisa kilichofichwa kwa muda ni cha satelaiti za kijasusi za Marekani. Mfumo wa ardhini wa kuchambua picha zake ulikwama. Wizara ya Ulinzi ilieleza mwanzoni kwamba hitilafu ilidumu saa chache tu. Baadaye ilibainika kwamba ilichukua siku kadhaa kurejesha huduma kamili. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua.

MADHARA YASIYOVUMISHWA

Madhara mazito zaidi hayakutokea angani wala benkini. Yalitokea katika maabara ya hospitali ya Northern General mjini Sheffield, Uingereza, na hakuna barua pepe iliyowahi kuyatabiri.

Maabara hiyo ilitumia kompyuta kukadiria uwezekano wa mama mjamzito kupata mtoto mwenye hali ya Down. Umri wa mama ni kipengele muhimu katika hesabu hiyo, kwani uwezekano huongezeka kadiri umri unavyosonga. Mwaka 2000 ulipoingia, programu ilianza kukosea umri. Mashine haikuzima, haikupiga king'ora, wala haikuonyesha tarakimu za ajabu. Iliendelea kutoa majibu yaliyoonekana ya kawaida, kuanzia Januari hadi Mei.

Zaidi ya wanawake 150 walipewa majibu yasiyo sahihi. Miongoni mwa walioambiwa kwamba hatari kwao ilikuwa ndogo, wanne walikuwa wamebeba mimba za watoto wenye hali hiyo. Walinyimwa nafasi ya kupimwa zaidi, kujiandaa na kuamua mambo yao wakiwa na habari kamili. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2001 ulithibitisha kwamba chanzo kilikuwa Y2K.

Kisa cha Sheffield kinajibu kejeli ya wale wanaodai kwamba tatizo lilikuwa la kubuni. Vilevile kinafichua udhaifu wa uvumi. Uvumi hupenda mshindo: ndege inayoanguka, jiji linalozama gizani. Hitilafu halisi hujificha katika hesabu ndogo inayofanywa kimyakimya, na wanaoumia ni wale ambao hawakuwa na habari kwamba wanahesabiwa.

TAREHE NYINGINE

Mambo ya tarehe hayakuisha mwaka 2000. Januari 2010, takriban kadi milioni 30 za benki nchini Ujerumani zilipata matatizo kwa kuwa vidubwasha vilivyomo ndani yake havikuutambua mwaka huo. Kampuni ya Gemalto iliyovitengeneza ilikiri kosa na kushiriki kulirekebisha.

Tarehe inayotazamwa sasa ni Januari 19, 2038. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, na mifumo ya zamani ina nafasi ya sekunde 2,147,483,647 pekee. Kwa saa za Nairobi, nafasi hiyo itajaa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi ya siku hiyo. Mifumo mipya imepewa nafasi kubwa zaidi, lakini vifaa vya zamani vilivyosahaulika ndani ya kuta na mitambo ndivyo vinavyohitaji kusakwa mapema.

Kenya ya leo si ile ya 1999. Tangu huduma ya M-Pesa izinduliwe Machi 2007, pesa za mama mboga na za mwajiri wake hupitia kompyuta ileile, na fununu kuhusu huduma hiyo inaweza kuzunguka nchi nzima kabla ya chai ya saa nne. Kampuni itakayojibu fununu kwa maneno ya mawakili itavuna walichovuna waliotangulia.

Kwa msomaji, historia ya Y2K inaacha maswali machache ya kuuliza kila anapopokea ujumbe wa kutisha au taarifa ya kuutuliza. Je, chombo kinachotajwa hutumia kweli kile kinachodaiwa kuharibika? Nani amekijaribu, na lini? Taarifa ya kampuni inaeleza jinsi kazi inavyofanyika, au inasema tu kwamba yote ni shwari? Na mwisho, kasoro ikitokea bila kelele, ni nani atakayeigundua, na ataarifiwa nani?